Themanini na Mbili

Mwaka aliotimiza tisa, katika mji wa Ruse,
pale Romania inapoonekana ng'ambo ya mto Danubi,
aliingia darasani bwana mwenye mkoba,
na ndani ya mkoba vitofali vyekundu na vyeupe.
Akamwambia Zdravka: jenga kama picha hii,
mimi naangalia saa.

Zdravka hakuangalia picha. Aliangalia kichwa:
mstari wa nywele za bwana ulipinda juu ya sikio
kama wa mtu aliyechana gizani,
na upande wa kushoto mkasi uliteleza.
Dakika zikaisha.
Bwana akaandika themanini na mbili, akaipigia mstari chini,
na mama akaikunja ile karatasi mara nne
akaifukia kwenye kopo la chumvi
kana kwamba namba nayo huoza.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Haya. Lakini aliyelisema hilo
hakufagia saluni miaka thelathini na minane.
Zdravka amefagia. Ajua nywele hukua
hata kichwani pa asiyeziombea,
hukatika kwa homa, kwa uzazi, kwa talaka,
na zipo zisizorefuka ng'o,
ila zikipata mkono, husukika.

Mwanawe, Asparuh, alimletea vidonge,
kopo lina picha ya ubongo unaowaka kama taa ya gari.
Alimeza mwezi mzima. Alicheua samaki, basi.
Ukaja mchezo wa kwenye simu: kumbuka rangi, gusa pembetatu.
Akawa bingwa wa kugusa pembetatu,
na funguo za duka akaendelea kuzisahau ndani ya jokofu.

Kilichokuja hakikuja na kifuniko.
Bi Rositsa, mwalimu wa hesabu aliyestaafu,
aliyebakiwa na nywele za kujaa kiganja kimoja,
alifika kila Alhamisi kuoshwa kichwa, na hela hana.
Akalipa kwa maswali.
"Rangi gramu sitini, dawa gramu tisini.
Ukibakiwa na rangi arobaini na tano, je?"
"Sitini na saba na nusu," alisema Zdravka
kabla povu halijafika shingoni,
akashtuka, mikono hewani, maji yakimwagika sakafuni.

Miaka yote hiyo alikuwa akikokotoa
na hakuna aliyemwambia kwamba kitu hicho kina jina.

Tangu hapo zikaingia herufi mahali pa namba,
kwa kidole, kwenye kioo chenye mvuke.
Zilikuwapo Alhamisi nne mfululizo
alizokuwa mzito kama unga uliolowa,
na Rositsa akamwita punda,
kwa upendo, ila si mwingi.

Mwaka jana alikuja mteja, binti wa chuo kikuu,
anatafuta watu wa kupima, ana vitofali vilevile.
Zdravka alijenga picha zote, saa ikabaki imemsubiri yeye.
Mia moja na sita.
"Imeongezeka!" alisema binti.
"Au nimezoea," alisema Zdravka.
"Au siku ile nilikuwa na njaa.
Au ni kwa kuwa wewe umechanwa vizuri."

Binti hakujua aandike lipi.

Rositsa alifariki Machi. Zdravka alimchana
kwa kitana cha meno mapana, akaweka mstari katikati, umenyooka,
na hakuona haja ya kulia mbele ya wapwa.
Usiku akafungua kopo.
Chumvi huhifadhi: themanini na mbili ingali inasomeka,
mstari chini yake bado mweusi.
Akaigeuza karatasi. Upande wa pili mtupu.
Akanakili swali la mwisho aliloachiwa,
lile ambalo Rositsa alicheka alipolitoa.

Mstari wa kwanza umekubali. Wa pili pia, kwa taabu.
Wa tatu umegoma.
Amekaa, kalamu mdomoni, chai imepoa.
Kesho Alhamisi.